Somo wako ni nani?



Leo naomba tuanze na msichana ambaye wengi wetu hatujawahi kumsikia kanisani, ingawa yumo kwenye Biblia tulizonazo nyumbani. Yumo katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 5, aya ya 2 na ya 3. Aya mbili tu, basi. Hata jina lake halikuandikwa. Ukiwa unasali Dominika peke yake utamkosa, kwa sababu Dominika ya 28 ya Mwaka C, tunaposomewa habari za Naamani kutakaswa ukoma, somo linaanzia aya ya 14, Naamani akiwa tayari anaingia mtoni Yordani. Msichana kaachwa nyuma. Anasikika Jumatatu ya wiki ya tatu ya Kwaresima, na Jumatatu asubuhi mnajua wenyewe nani wapo kanisani: masista, bibi zetu wa jumuiya, na wewe kama huna kipindi cha saa moja.

Kwa kifupi ni hivi. Majeshi ya Shamu yanavamia Israeli, yanamteka msichana mdogo, anapelekwa nchi ya watu kuwa mtumishi wa mke wa jemadari Naamani. Jemadari ana cheo, ana sifa, na ana ukoma. Siku moja msichana anamwambia bibi yake kwamba bwana angekutana na nabii aliyeko Samaria, angepona. Hatumsikii tena. Kuanzia hapo yanasafiri maneno yake tu: yanamfikia Naamani, Naamani anayapeleka kwa mfalme, mfalme anaandika barua, msafara unaondoka na fedha na dhahabu na mavazi kumi ya kubadilisha. Wafalme wawili wamehangaishwa na neno la mtoto wa kazi.

Nimekuwa nikimfikiria sana msichana huyu tangu mwezi wa sita, nilipokwenda Miono kujitolea kwenye kambi ya uongozi ya wasichana.

Kwa wasiopajua: ukitoka Dar unafika Chalinze, unashika njia ya Segera, unapita Lugoba na Msata, unavuka mto Wami, unafika Mandera, halafu unaiacha barabara kuu na kuingia upande wa Saadani. Ni nchi ya Wakwere na Wazigua. Zamani ilihesabiwa halmashauri ya Bagamoyo, siku hizi ni ya Chalinze. Waislamu ni wengi kuliko sisi, na kambi yenyewe haikuwa ya Kanisa. Iliandaliwa na vijana kutoka ng'ambo kwa kushirikiana na walimu wa hapo, wiki mbili za likizo, wasichana wa sekondari wakilala madarasani. Mimi nilikuwa mkalimani. Wageni waliiita kambi ya kiangazi, kwa sababu kwao mwezi wa sita ndiyo jua. Huku ni kipupwe. Asubuhi wasichana walikuja mstarini wamejitanda kanga mbili mbili wakilalamika baridi, na mimi niliyekulia Rombo, Mlima ukitupulizia usiku kucha, nikacheka mpaka basi.

Ukalimani ni kazi inayokufundisha kusikiliza hata usipotaka. Siku ya kwanza wageni waliuliza kiongozi ni nani. Majibu yalikuja haraka: kiranja, mwenyekiti wa kijiji, mbunge, "anayeandika majina ya wapiga kelele". Hakuna aliyejitaja wala kumtaja mwanamke wa nyumbani kwao. Mgeni mmoja, dada mchangamfu kweli, akawaambia kila mmoja wao anaweza kuwa chochote anachotaka. Nikatafsiri neno kwa neno, ndiyo kazi niliyoitiwa. Wakaitikia "ndiyooo" kama tunavyoitikia sote tukiwa wageni mahali. Lakini nilikuwa nimekaa karibu nao, nikawaona wakitazamana.

Sitaki kuwasema vibaya wale wageni. Walilala kwenye mikeka, waliosha vyombo, walikula ugali na maharage siku kumi na nne bila kununa, na kuna Watanzania wenzangu ambao wasingeweza. Nasema tu kwamba sio wao wa kwanza kuvuka bahari kuja pwani hii kwa ajili ya wasichana. Mwaka 1860 masista wa shirika la Mabinti wa Maria walifika Zanzibar wakitokea kisiwa cha Réunion. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1849, mwaka mmoja tu baada ya utumwa kufutwa kisiwani kwao, na lilipokea wanawake weupe na weusi pamoja, jambo ambalo enzi hizo lilikuwa kituko. Mapadre wa Roho Mtakatifu wakaingia Bagamoyo mwaka 1868, na mwaka 1881 wakafungua misheni ya Mandera, hapo hapo tulipochepuka kwenda Miono. Watoto waliolelewa kwenye misheni ya Bagamoyo miaka ile ya mwanzo wengi walikuwa waliokombolewa utumwani, yaani watoto wa aina ya yule wa nyumba ya Naamani kabisa. Ukienda Bagamoyo leo, nenda kaburini kwa wamisionari, nyuma ya kanisa. Soma miaka yao. Wengi walikufa wakiwa na umri wa vijana wa VIWAWA. Hawakuwa na tiketi ya kurudi.

Sisi tulikuwa nayo. Tarehe ya kuondoka ilijulikana kabla ya tarehe ya kufika. Hilo lilinisumbua siku za mwanzo, mpaka nilipokumbuka kwamba hata Mama yetu Bikira Maria alikwenda kwa Elizabeti akakaa kama miezi mitatu, kisha akarudi kwao. Iko Luka 1:56, tunaisali kwenye matendo ya furaha. Kukaa muda mfupi si dhambi. Ila soma aya mbili mbele yake: Elizabeti anajifungua, na mara wanatajwa majirani na jamaa zake wakifurahi naye. Kumbe Maria alipoondoka aliacha watu. Nikaanza kujiuliza sisi tukiondoka hapa, nani anabaki?

Siku ya nne alikuja mwanafunzi wa sheria kutoka Dar. Yeye hakuhitaji mkalimani. Aliwaeleza kuhusu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama. Akawaeleza jinsi Rebeca Gyumi, mwanasheria kijana, alivyokwenda kupinga vifungu hivyo, Mahakama Kuu ikampa ushindi mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaukubali ushindi huo mwaka 2019. Wasichana wakapiga makofi. Kisha mmoja wa nyuma kabisa, wa kidato cha pili, akasema polepole: "Sheria iko Dodoma, dada. Mjomba yuko nyumbani."

Habari za huyu binti nazisimulia kwa ruhusa yake, na mengine nimeyaficha makusudi.

Jioni ile ilikuwa zamu ya hadithi. Walikuwa wameshamaliza za sungura na fisi, wakanigeukia mimi. "Paukwa!" "Pakawa!" Nikawapa ya msichana wa nyumba ya Naamani. Sikuhubiri. Niliisimulia kama hadithi ya kawaida, na kama mnavyojua hadithi ile ni tamu: jemadari anakasirika kuambiwa akaoge mara saba kwenye kijito cha watu, watumishi wanambembeleza, anashuka, anatoka ngozi laini kama ya mtoto mchanga. Vigelegele! Kambini tulikuwa na akina Mariamu watatu, wote Waislamu, na mmoja wao alipiga kigelegele mpaka popo wakaruka mwembeni.

Binti wa kidato cha pili hakupiga. Akauliza, "Na yule msichana, walimrudisha kwao?"

Jamani. Nimesoma Biblia tangu TYCS, nimekaa kwenye semina zisizo na idadi, nimesikia mahubiri juu ya unyenyekevu wa Naamani, juu ya utii, juu ya maji ya ubatizo. Sijawahi kusikia mtu akiuliza hivyo. Nikamjibu ukweli, kwamba Kitabu hakisemi.

"Basi hawakumrudisha," akasema, akainuka akaenda kulala.

Usiku nilirudia sura nzima kwa tochi ya simu. Naamani alisafiri na talanta kumi za fedha. Elisha alikataa kupokea hata kidogo. Gehazi, mtumishi wa nabii, akaikimbilia ile fedha nyuma ya gari la Naamani, akapewa talanta mbili na mavazi. Yaani fedha ilikuwepo, na ilikuwa inatafuta pa kwenda. Maandiko hayatuonyeshi mtu yeyote, si jemadari, si mfalme, wala hata nabii, akitamka habari ya kumfungua yule mtoto. Siwezi kuwaambia hakufunguliwa. Ninawaambia tu kwamba waliopona walikuwa na haraka ya kurudi nyumbani.

Sasa, nyuma yetu wakati wa hadithi alikuwepo mama aliyekuwa akitupikia, anasugua sufuria. Mama mtu mzima, mjane, Muislamu wa swala tano. Asubuhi nilipokwenda kuchukua uji nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Yule mtoto wa jana umemsikia?"

"Nimemsikia, mama."

"Huyo anapelekwa mjini. Anayeuliza hivyo ameshaambiwa siku."

Hakusema zaidi. Alimwita binti wakakaa wawili wakichambua mchele, na mchele ule ulichambuliwa kwa muda mrefu kuliko unavyostahili. Ndipo ilipojulikana kwamba mjomba ameshakubaliana na mtu wa Dar: binti akimaliza mtihani wa taifa wa kidato cha pili, mwezi wa kumi na moja, aende kufanya kazi za ndani. Mwalimu wake hakujua, na sisi tuliokuwa tumebandika karatasi ukutani zenye maneno "ndoto yangu" tulikuwa tumemwona siku nne nzima bila kujua. Karatasi yake ilisema nesi.

Ijumaa, baada ya swala, mama yule alijifunga kanga akaenda kijijini kwa bibi wa binti. Nilimuuliza kwa nini asimfuate mjomba mwenyewe. Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mtoto wa mjini. "Mjomba ana sauti," akasema, "lakini mwenye mtoto ni bibi." Alijua mlango upi unagongwa, saa ngapi, na kwa maneno gani. Hakuna semina inayoweza kukupa hilo. Ndipo nikamwona, katika ile sura ya 5, mtu mwingine ambaye huwa tunampita: mke wa Naamani. Yeye naye hana jina. Lakini msichana alisema jikoni au chumbani, mahali ambapo neno la mtumishi huwa linaanguka chini na kufagiliwa. Mtu wa karibu yake alikuwa huyo bibi wa nyumba, na kabla ya wafalme kuandikiana barua, ilibidi maneno yale kwanza yasichukuliwe kuwa upuuzi wa mtoto wa kazi.

Wasichana wa Miono wanajua kusema. Ndani ya siku mbili za kambi walikuwa wanatutoa jasho kwa hoja. Wanachokosa wengi wao ni mwanamke wa kuyachukua maneno yao na kuyafikisha pale wao wasipoweza kufika.

Kiswahili kina neno la mwanamke huyo: somo. Darasani somo ni kile unachofundishwa. Kwenye Misa ni lile linalosomwa mimbarini. Kwetu Wakatoliki somo wako ni mtakatifu ambaye umebeba jina lake, unayemwomba akuombee mbinguni. Na huku Pwani, tangu enzi za mababu, somo ni mwanamke mzima anayekabidhiwa mwali amfunde. Najua mambo ya unyago yana ubishi. Mengine yanayofundwa humo hayafai kwa mtoto, na ngoma zikigongana na muhula wa shule anayeumia ni msichana. Hayo siyafuniki. Lakini usomo wenyewe hauishi ngoma ikiisha: likitokea la kutokea, hata miaka kumi baadaye, somo ndiye anayeitwa, na anakuja. Wageni walikuwa wanatafuta njia ya kuwapa wasichana "mtu wa kuwaongoza" baada ya kambi, na walikuwa wamepanga kutumia simu na ujumbe kutoka ng'ambo. Niliposimulia habari za somo, mwalimu mkuu msaidizi, mama wa hapo hapo, alicheka akasema mbona hilo lipo siku zote, tatizo ni kwamba hatulitumii kwa mambo ya shule.

Basi siku ya mwisho ikabadilishwa. Vyeti vilitolewa, picha zikapigwa, sawa. Lakini kabla yake kila msichana aliandika jina la mwanamke mmoja wa kijijini kwao ambaye angependa awe somo wake wa masomo, na wanawake hao waliitwa. Wengine walikuja na watoto mgongoni. Wengine hawakutokea kabisa. Wasichana wawili walikaa na karatasi tupu mpaka chakula cha mchana, na kuwatazama ilikuwa vigumu. Mama wa jikoni akatoka na mwiko mkononi. "Hao wawili niandikieni mimi." Akarudi kwenye sufuria zake. Binti wa kidato cha pili yeye alishamwandika tangu asubuhi, kwa hiyo akawa na watatu.

Wapendwa, kuna mambo mawili nataka niwaambie waziwazi.

La kwanza ni kwa wanaotaka kwenda kujitolea, iwe ng'ambo au mkoa wa jirani. Nendeni. Kanisa letu limejengwa na watu waliokwenda. Ila kabla ya kufunga begi uliza kule unakokwenda nani anabaki, na ukifika mtafute huyo kabla hujafungua kinywa. Mara nyingi yuko jikoni.

La pili linatuhusu sisi tuliobaki mjini. Yule mtu wa Dar aliyekubaliana na mjomba ni mtu wa kawaida tu, ana familia, pengine anasali parokia kama yako. Dada wa kazi nyumbani kwenu anaitwa nani? Jina lake kamili, ninauliza. Ana miaka mingapi? Anasali Misa ya saa ngapi, au ndiye anayebaki na mtoto ili ninyi msali? VIWAWA ni Vijana Wakatoliki Wafanyakazi, na ile WA ya mwisho tumeisahau kabisa. Tumebaki na fulana za vitenge na safari za hija. Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyeanzisha harakati hizi rasmi mwaka 1925, alikuwa ameshaanza miaka kadhaa nyuma na wasichana wafanyakazi katika parokia ya Laeken, Brussels. Kuona, kuamua, kutenda: njia hiyo tunayoikariri kwenye semina ilianza kwa padre kukaa na wasichana akiwauliza siku yao ya kazi ilikuwaje.

Na msiniambie ninyi ni wadogo. Kanuni ya 874 ya Sheria za Kanisa inamtaka msimamizi wa ubatizo awe ametimiza miaka 16, amepata Kipaimara na Komunyo, na anaishi imani yake. Wengi mnaosoma hapa mnafaa. Tunawaacha shangazi zetu wasimamie kwa sababu wana zawadi nzuri, kisha baada ya keki hawaonekani tena (hebu kumbuka mama yako wa ubatizo alikupigia lini mara ya mwisho). Mwaka huu watoto wa Kipaimara wakianza kutafuta wasimamizi parokiani kwako, kuna msichana mmoja ambaye kwao hakuna wa kumsimamia. Katekista anamjua. Muulize.

Januari nilibipiwa na namba nisiyoijua. Nikapiga. Alikuwa mama wa jikoni, anazungumza kwa sauti kubwa kama wazee wanavyozungumza na simu. Bibi alikataa mtoto asiende mjini. Mjomba amenuna, hafiki nyumbani kwa bibi tangu Krismasi, na hilo nalo ni tatizo kwa sababu ndiye aliyekuwa akinunua mafuta ya taa na sabuni. Binti amefaulu, yuko kidato cha tatu. Kati ya wale wawili wa karatasi tupu, mmoja anaendelea na shule. Mwingine alihamishwa na ndugu zake mwezi wa tisa, mama hajui wapi, ameuliza mpaka Mkange hajapata jibu, na bado anauliza.

Halafu akasema kilichomfanya abipu. Binti anahitaji kitabu cha Hisabati cha kidato cha tatu, cha zamani kinafaa. Nimetafuta kwetu nimekosa. Mwenye nacho asikitupe, namwomba anitafute wiki hii. Gari la kwenda Miono nimeshalijua.